Kiwiko kilichokataa kurudi

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wanaopokea watoto walioumia. Mzazi akikisoma hatapotea. Umri, siku na mambo ya nyumbani nimeyageuza, na wagonjwa wawili waliofanana nimewafanya mmoja, ili mtu asitambulike. Picha za kwenye skrini na kosa langu nimeviacha vilivyo.

Msichana wa miaka mitatu na miezi miwili aliletwa na mama yake asubuhi, mkono wa kushoto ukining'inia ubavuni kama si wake. Kiwiko kimekunjika kidogo, kiganja kimegeukia tumboni. Ukimwacha anatulia na kuchezea vifungo vya gauni kwa mkono wa kulia. Ukiukaribia wa kushoto anaanza kulia kabla hujaugusa. Mama alieleza kwa sentensi moja: jana jioni kaka yake, mwenye miaka minane, alimvuta mkono wakigombania mdoli, na tangu hapo hautumii.

Aliyekaa na watoto walioumia kwa miaka kadhaa akisikia sentensi hiyo huwa ameshafika kwenye jibu kabla msemaji hajamaliza. Umri ndio huo, mkao wa mkono ndio huo, na habari ya kuvutwa ipo. Kiwiko kimeteguka. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4 hatuoni jeraha la kiwiko linalozoeleka kuliko hili. Mkono unavutwa ghafla ukiwa umenyooka, kiganja kikitazama chini; ligamenti inayokizunguka kama pete kichwa cha radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba, inateleza na kubanwa ndani ya kiungo, kati ya radiasi na mfupa wa mkono wa juu. Mfupa wenyewe hauna kitu. Kukirudisha ni kazi ya sekunde chache, na aghalabu ndani ya nusu saa mtoto anapokea kitu kwa mkono ule ule aliokuwa akiuficha. Akishapita miaka 5 ligamenti hiyo inakuwa nene na kushika vizuri zaidi, ndiyo maana kwa watoto wakubwa tatizo hili ni adimu.

Njia za kurudisha ni mbili. Ya zamani ni kukigeuza kiganja kitazame juu huku unakikunja kiwiko. Ya pili ni kukishika kiwiko na kukigeuza kiganja upande wa pili, kitazame chini hadi mwisho wake. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio yenye watoto zaidi ya 800, yalikuta njia ya pili inashindwa katika jaribio la kwanza kwa takribani 9% ya watoto, na ya zamani kwa takribani 26%. Nikachagua ya pili. Nilimpa dawa ya maumivu, ibuprofeni ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, nikapapasa mkono kuanzia mtulinga hadi vidole, harakaharaka, kama mtu anayetimiza sharti, kisha nikamgeuza.

Gumba langu lilikuwa juu ya kichwa cha radiasi likingoja ule mlio mdogo unaosikika zaidi kwa kidole kuliko kwa sikio. Haukuja. Mtoto alipiga ukelele, mama akafumba macho. Nikasema tungoje.

Tulingoja nusu saa. Mkono ulibaki pale pale.

Hapa ndipo mtu hujaribu tena. Kila mwongozo unaruhusu jaribio la pili, hata kwa njia nyingine, na mimi nilishaanza kuvuta kiti. Muuguzi wa zamu akaniuliza, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kumwumbua mkubwa mbele ya wateja, "Daktari, mbona anajishika juu ya kiwiko, si chini yake?"

Ni kweli. Mkono wa kulia ulikuwa umekumbatia nyama ya mkono wa kushoto juu ya kiwiko, kwa nyuma. Mtoto aliyeteguka kiwiko mara nyingi hujishika kifundo cha mkono, kiasi kwamba wazazi wengi hudhani kilichoumia ni kiganja. Nikamgeukia mama na kuuliza swali nililopaswa kulianza: usiku alilalaje?

"Aliamka mara mbili akilia, daktari. Nikadhani ndoto."

Kiwiko kilichoteguka kinauma kikiguswa au kikigeuzwa. Mkono ukitulia, mtoto hutulia. Mtoto anayeamshwa na maumivu usingizini ana jambo jingine. Nikakirudisha kiti mahali pake na kuomba mashine ya ultrasaundi.

Swali moja la kuiuliza mashine

Kwa nini ultrasaundi, wakati eksirei iko hatua chache tu? Jibu linalotolewa mara nyingi ni mionzi. Mimi silitumii. Kiasi cha mionzi kwenye eksirei ya kiwiko ni kidogo sana, na mzazi akitishwa nacho leo, kesho atakataa picha inayohitajika kweli. Sababu zangu ni nyingine. Ya kwanza ni kwamba eksirei nzuri ya kiwiko inataka mkono ukunjwe nyuzi 90 na ulazwe ubavu kamili juu ya bamba, na mtoto wa miaka mitatu mwenye maumivu hutoa kila pembe isipokuwa hiyo. Probu, kile kichwa cha ultrasaundi kinacholazwa juu ya ngozi, inamfuata mtoto alipo, hata mapajani pa mama.

Sababu ya pili inatokana na mwili wa mtoto wenyewe. Kiwiko cha umri huu kwa sehemu kubwa ni gegedu, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Vitovu vya mfupa, yaani mahali gegedu linapoanza kugeuka mfupa, huota kwa zamu: cha kapitelamu (sehemu ya mfupa wa mkono wa juu inayokutana na radiasi) karibu na umri wa mwaka 1, cha kichwa cha radiasi kati ya miaka 3 na 5, cha epikondaili ya ndani (kinundu cha ubavu wa ndani wa kiwiko) kati ya 5 na 7, cha troklea kati ya 7 na 9, cha olekranoni kati ya 9 na 11, na cha epikondaili ya nje mwishoni, karibu na miaka 11 au 12. Kwa hiyo mbele yangu nilikuwa na kiwiko ambacho eksirei ingenionyesha kitovu kimoja, pengine viwili, na nafasi nyeusi ambayo ndiyo kiungo chenyewe. Ultrasaundi huona gegedu, huona ligamenti, huona maji.

Wenzangu wanaoanza hukosea hapa. Wakishashika probu wanauliza, "Umevunjika wapi?" Wanazunguka kiwiko kizima wakitafuta ufa, wanapata kila mstari uliokatika, na kwa mtoto mistari imekatika kila mahali kwa sababu ndivyo anavyokua. Swali la kuanzia liwe dogo zaidi: je, kimto cha mafuta cha nyuma kimenyanyuka?

Nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, kidogo tu juu ya kiwiko, pana kishimo ambamo ncha ya alna, mfupa wa pili wa kigasha, huingia mkono unaponyooka. Ndani ya kishimo hicho, chini ya utando wa kiungo, mmelala kimto cha mafuta. Kiungo kikijaa damu, usaha au maji, kimto hakina pa kwenda ila juu. Kwenye eksirei, kikinyanyuka, huonekana kama kivuli cheusi nyuma ya mfupa, mahali ambapo kwa kawaida hapana kitu. Kwenye ultrasaundi unakiona chenyewe, kikipanda.

Matayarisho hayahitaji mengi: probu bapa ya mawimbi ya juu, mimi hutumia ya megahezi 10 hadi 15, na jeli nyingi kuliko unavyodhani inatosha, ili probu iogelee juu ya ngozi bila kuigandamiza. Mgandamizo ni kosa la kwanza. Maji kidogo yaliyopo yakisukumwa pembeni, kimto kinarudi shimoni mwake, nawe unaandika "hakuna kitu" kwa mkono wako mwenyewe.

Kosa la pili nililifanya. Mtoto alikuwa amekaa mapajani pa mama, mkono umekunjika kiasi cha nyuzi 30 tu, nami kwa kumwonea huruma nikapima hivyo hivyo. Kimto kilionekana kimetokeza juu kabisa. Nilikaribia kutangaza matokeo. Kisha nikakumbuka kwamba mkono unaponyooka, ncha ya alna inaingia kishimoni na kukisukuma nje kimto cha mtu mzima wa afya. Picha ile haikuwa na maana yoyote. Ilinibidi kuukunja mkono taratibu, mama akiimba kwa sauti ya chini sikioni mwa mtoto, na muuguzi akiubeba mkono kutoka chini, hadi kiwiko kikafika nyuzi 90 au karibu na hapo. Ilichukua dakika nne. Ningejua mapema ningempa dawa kali zaidi ya maumivu kabla ya kuanza. Ibuprofeni peke yake ilikuwa kidogo kwa mkono huu.

Picha ya pili

Probu ikiwa imelazwa kwa urefu wa mkono, nyuma, katikati: mstari mweupe mzito wa mfupa unashuka kutoka kushoto, unatumbukia kishimoni, unapanda tena. Juu ya kishimo kuna kimto, kijivu kinachong'aa. Kwa kawaida mgongo wake hauvuki mstari unaounganisha kingo mbili za kishimo. Huu ulikuwa umevuka, umevimba kama mkate, na kati yake na mfupa pakawa na ukanda mweusi. Ukanda wenyewe haukuwa mweusi safi. Ndani yake kulikuwa na chembe ndogo ndogo zinazotembea kila nilipouachia mkono pumzi. Maji matupu huwa meusi tii. Damu, hasa iliyochanganyika na mafuta yaliyotoka ndani ya uboho, huwa na vumbi.

Nikaigeuza probu kwa upana. Kimto kikaonekana kama kilima juu ya bonde, kikipita juu ya mstari wa vilele viwili vya mfupa. Kisha nikafanya jambo ambalo silikosi: nikapima kiwiko cha kulia, kizima, kwa pembe ile ile. Kimto kimelala shimoni. Mtoto alikubali kwa sababu huo haukuuma, na mama akaona tofauti mwenyewe bila kuelezwa. Sijapata maelezo yanayomshawishi mzazi kuliko picha mbili za mtoto mmoja zilizowekwa sambamba.

Baada ya hapo ndipo nikaenda mbele, upande wa nje, kuitazama ligamenti ya pete. Kiwiko kikiwa kimeteguka, ligamenti na sehemu ya msuli unaoifunika huvutwa ndani ya pengo la kiungo, na kivuli chake hupinda kama herufi J. Pengo kati ya radiasi na kapitelamu nalo hupanuka. Kwa huyu hapakuwa na J. Ligamenti ilikuwa mahali pake, mapengo ya kulia na kushoto yamelingana.

Na hapa pana kasoro ambayo siwezi kuirekebisha. Nilitazama baada ya kugeuza. Ligamenti iliyo mahali pake baada ya jaribio la kuirudisha inaweza kuwa haikutoka kamwe, na inaweza kuwa ilitoka nikairudisha bila kusikia. Ningetazama kwanza, dakika mbili tu, ningejua. Sikutazama, na katika faili la mtoto huyu jambo hilo halitajulikana.

Mama, ambaye alikuwa akifuata kila kitu, akauliza lile swali. Aliuliza kwa heshima, akitazama skrini badala ya kunitazama mimi. "Daktari, isije ikawa ni wewe uliyemvunja?"

Nilimjibu kwamba sidhani, na nikampa sababu: maumivu yalimwamsha usiku, saa nyingi kabla hajafika kwangu, na kugeuza kiganja kwa namna ile hakuupi mfupa wa mkono wa juu nguvu inayouvunja. Lakini nilimwambia pia kwamba kama mfupa ulikuwa na ufa, nilimwumiza bila sababu, na kwamba ningepaswa kupima kwanza. Alitikisa kichwa kukubali.

Maji kwenye kiungo hayasemi peke yake kwamba mfupa umevunjika. Kwa mtoto mwenye homa, anayekataa mkono uguswe, bila habari ya kuanguka, kimto kilichonyanyuka kinaweza kuwa usaha, na huyo hapewi banzi na kurudishwa nyumbani. Anahitaji kiungo kifyonzwe na kusafishwa haraka. Mtoto mwenye hemofilia huvuja damu kiungoni kwa kugongwa kidogo tu. Huyu hakuwa na homa, na familia haikuwa na historia ya kutokwa damu. Kinyume chake ni kweli vilevile: mivunjiko iliyo nje ya utando wa kiungo, kama ya epikondaili ya ndani au baadhi ya ile ya shingo ya radiasi, inaweza kumwacha kimto amelala kwa amani. Ndiyo maana nilipapasa tena, safari hii kwa utulivu, kidole kimoja, mfupa kwa mfupa. Alilia mahali pamoja tu: nyuma na nje ya mfupa wa mkono wa juu, upana wa vidole viwili juu ya kiwiko.

Eksirei iliyosema hapana

Picha za eksirei zilipigwa mbili, ya mbele na ya ubavu. Ya ubavu ilitoka imepinda kidogo. Mtu wa eksirei alifanya alichoweza, na sikumwomba arudie kwa sababu mtoto alikuwa amechoka. Mstari unaoshuka mbele ya mfupa wa mkono wa juu ulikata kitovu cha kapitelamu kama inavyotakiwa, ingawa kwa mtoto wa chini ya miaka 4 mstari huo hausomeki kwa uhakika kama kwa mkubwa. Radiasi ilikuwa imeelekea kapitelamu inavyotakiwa. Kivuli cha kimto cha nyuma hakikuonekana, au kilifichwa na ile pembe. Taarifa ikaja: hakuna mvunjiko unaoonekana.

Vipimo viwili, majibu mawili. Ukishafika hapa, faraja ya karatasi iliyopigwa muhuri ni kubwa, na kumruhusu mtoto ni rahisi. Nieleze nilivyopima uzito.

Mwaka 1999 madaktari Skaggs na Mirzayan walichapisha kazi iliyobadilisha desturi ya wengi wetu. Waliwafuatilia watoto 45 walioumia kiwiko, ambao eksirei zao zilionyesha kimto cha nyuma kilichonyanyuka bila ufa wowote. Walipopigwa picha tena baada ya wiki kadhaa, 34 kati yao, yaani 76%, walikuwa na dalili za mfupa unaounga. Nusu na kidogo ya hao ilikuwa mivunjiko ya juu tu ya kiwiko, ile ya suprakondaila. Iliyofuata kwa wingi ilikuwa ya sehemu ya juu ya alna. Mvunjiko ulikuwepo siku ya kwanza, ila jicho la eksirei halikuwa limeuona.

Hiyo ni eksirei. Kwa ultrasaundi, utafiti wa 2013 uliofanywa vyumba vya dharura kwa watoto na vijana 130 ulikuta kimto kilichonyanyuka, au damu yenye mafuta, kinanasa 98% ya mivunjiko ya kiwiko. Upande wa pili haukung'aa: kati ya wasiovunjika, 70% tu ndio waliopewa jibu sahihi la hapana. Watu husoma namba hizo wakashangilia ya kwanza na kuisahau ya pili. Tufanye hesabu ya vidole. Chukua watoto 100 walioumia kiwiko, theluthi yao wamevunjika. Kati ya 33 waliovunjika utawanasa 32. Kati ya 67 wasiovunjika, 20 hivi watakuonyesha kimto kilichonyanyuka bila mvunjiko. Ukimwambia mzazi "kimto kimepanda," mtoto wake yumo kati ya 52, ambao 32 wamevunjika kweli: sita kati ya kumi. Ukimwambia "kimto kimelala," yumo kati ya 48, na aliyevunjika humo ni mmoja. Kifaa hiki kinasema hapana vizuri kuliko kinavyosema ndiyo. Kwa hiyo simvalishi mtoto plasta ya mwezi kwa ajili ya kimto peke yake, na pia simgeuzi mkono mtoto ambaye kimto chake kimepanda.

Kwa msichana huyu kulikuwa na zaidi ya kimto: maumivu yaliyomwamsha, mahali pamoja panapouma juu ya mfupa, vumbi ndani ya maji, jaribio lililoshindwa. Nikaamua kumtibu kama aliyevunjika bila mfupa kuhama, daraja la kwanza katika mpangilio wa Gartland wa 1959 unaopanga mivunjiko ya suprakondaila kwa kiasi mfupa ulivyohama. Uamuzi huo ulikuwa na gharama ndogo: nikikosea, mtoto atakaa na banzi kwa wiki tatu asizozihitaji. Nikikosea upande mwingine, atarudi kuruka na mfupa wenye ufa, na ufa usiohama unaweza kuhama.

Kabla ya kufunga tulicheza. Mtoto wa miaka mitatu hajibu ukimwuliza kama vidole vina ganzi. Lakini akifanya ngumi, neva ya kati inafanya kazi; akikunjua vidole vyote kama jani, neva ya radiasi ipo; akitanua vidole viwili kama mkasi, neva ya alna ipo; na akitengeneza duara kwa gumba na kidole cha shahada, tawi la mbele la neva ya kati, ambalo ndilo huumia mara nyingi katika mivunjiko hii ikihama, liko salama. Duara lilimshinda mara mbili, si kwa ugonjwa bali kwa kuwa alitaka kunitazama ndani yake. Mapigo ya kifundoni yalikuwepo, kucha zikirudisha wekundu upesi.

Tukafunga banzi la nyuma, kutoka juu ya mkono hadi kiganjani, kiwiko nyuzi 90 au pungufu kidogo, na tepe ya kuning'iniza shingoni. Nilimweleza mama dalili ya kumrudisha usiku huo huo: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mtoto asiyetulizika hata kwa dawa, vidole vinavyouma ukivinyoosha, vilivyopauka au kupoa. Hizo hutangulia kuharibika kwa misuli ya mkono kwa kukosa damu, jambo ambalo daktari Mjerumani Richard von Volkmann alilieleza mwaka 1881 na ambalo bado linawapata watoto waliofungwa kwa kubana. Kwa mvunjiko usiohama hatari hiyo ni ndogo. Niliisema hata hivyo, na nikamwambia asingoje asubuhi.

Kaka

Tulikuwa tunafunga bandeji ya mwisho mtoto wa kiume alipoletwa na shangazi yake. Alisimama mlangoni akiliangalia banzi, midomo ikitetemeka. Nilidhani anaogopa hospitali. Muuguzi, tena yeye, akamkaribisha kiti na kumwuliza kama angependa kuona picha ya ndani ya mkono wa mdogo wake. Akaitazama. Kisha akasema kwamba hawakuwa wakigombania mdoli. Walikuwa wakiruka kutoka kitandani. Yeye akaruka vizuri, mdogo wake akaangukia mkono ulionyooka. Alipoona halii sana akamvuta mkono kumwinua, na hapo ndipo alipopiga kelele, na mama akaingia.

Kwa hiyo kuvutwa kulikuwepo. Mama hakudanganya, aliona nusu ya mwisho.

Maelezo yanapobadilika kati ya asubuhi na mchana, anayetibu watoto analazimika kusimama. Nilisimama. Kuanguka juu ya mkono ulionyooka ndiko kunakovunja sehemu hii ya mfupa, kwa umri huu kitanda kinatosha, mtoto hakuwa na alama nyingine mwilini, na aliyebadilisha maelezo alikuwa mtoto anayeogopa kuadhibiwa. Niliandika maelezo yote mawili kwenye faili, kila moja na aliyelitoa. Ingekuwa ni mtoto ambaye hajaanza kutembea, ningekwenda njia nyingine kabisa. Kwa wachanga sehemu yote ya chini ya mfupa huu, gegedu tupu, inaweza kumeguka kwenye bamba la ukuaji na kuhama. Kwenye eksirei inafanana na kiwiko kilichochomoka kiungoni, na ultrasaundi ndiyo hutofautisha kwa sababu huliona gegedu lenyewe. Jeraha hilo kwa mtoto mdogo kiasi hicho husokotwa na mkono wa mtu mara nyingi mno kiasi kwamba haliruhusiwi kwenda nyumbani bila kuulizwa.

Siku ya 21 alirudi. Banzi lilikuwa limechorwa maua kwa kalamu ya wino. Tulipolifungua nilipima kwanza kwa ultrasaundi, mkono ukikunjika bila kelele: kimto kimerudi shimoni, ukanda mweusi umekwisha, na juu kidogo ya kishimo, mahali pale alipolia, mstari mweupe wa mfupa ulikuwa umevaa mstari wa pili mwembamba. Eksirei, safari hii ya ubavu kamili, ilionyesha hicho hicho: utando wa mfupa umeinuka nyuma na kuweka mfupa mpya.

Mama aliuliza kama auchue na kuunyoosha kila jioni, kwani ulikuwa haufiki mwisho. Nilimwomba asiunyooshe kwa nguvu hata kidogo. Kiwiko cha mtoto kikilazimishwa hukakamaa zaidi, na kikiachwa hurudi chenyewe kwa wiki chache za kucheza. Kaka yake alikuwa ameshamkabidhi mdoli, upande wa kushoto, juu kidogo ya pale anapofikia.